Chuo kikuu kikubwa cha serikali: faida, hasara na maswali ya kuuliza kabla ya kumpeleka mtoto



Mwezi Julai 2025 nilialikwa harambee ya karo Kianjokoma, kaunti ya Embu. Kwa asiyepajua, ni mji mdogo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, juu ya mji wa Embu, ambako michai huanzia karibu na mlango wa nyumba. Mwenyeji wangu tulisoma naye diploma Mombasa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Wakati ule yeye ndiye aliyekuwa mgeni, nami nikamfundisha kula samaki wa kupaka. Safari hii mgeni nilikuwa mimi, nikitetemeka kwa baridi ya Julai na sweta mbili juu ya kanzu.

Binti yake alikuwa amepangiwa na KUCCPS, ile idara ya kugawa nafasi za vyuo, kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kilimo. Watu walifika na bahasha zao. Kabla hazijafunguliwa, wazee wakaanza kubishana. Chuo Kikuu cha Embu kiko pale chini, matatu moja tu, nacho kinafundisha kilimo vilevile. Kwa nini mtoto apelekwe mbali? Mzee mmoja akanigeukia: "Wewe mgeni wetu wa Mombasa, huko kwenu mnafanyaje?"

Nilicheka, maana swali hilo naulizwa kila mwaka Likoni na Kisauni. Mtoto aende Nairobi, Kenyatta au Moi, ama abaki Pwani kule Kilifi au TUM hapa Tudor? Mimi niliishia diploma, kwa hivyo sina chuo cha kutetea. Lakini nimewasindikiza vijana wengi wa ukoo wetu wakienda, na nimewapokea wakirudi, wengine na shahada, wengine na begi tu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Vyuo vyenyewe

Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kikongwe zaidi nchini. Kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1956 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Moi kilifuata mwaka 1984 na Kenyatta mwaka 1985. Hivi vimekuwa miji ndani ya miji. Nairobi peke yake imetawanyika: kilimo na udaktari wa mifugo viko Kabete, ualimu Kikuyu, sayansi Chiromo, na udaktari wa watu uko kwenye Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Vyuo vya karibu na nyumbani vina umri mdogo. Embu kilianza mwaka 2011 chini ya Nairobi na kupata hati yake mwaka 2016. Pwani kilianza mwaka 2007 chini ya Kenyatta na kupata hati mwaka 2013. TUM nayo ilipata hati mwaka huohuo wa 2013, lakini mizizi yake ni mirefu. Ndiyo ile MIOME ya wazee wetu, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni.

Faida za chuo kikubwa

Ya kwanza ni kozi. Anayetaka kuwa daktari wa mifugo au msanifu majengo hana milango mingi ya kubisha hapa nchini. Kama kozi ya mtoto inapatikana huko tu, mjadala umekwisha.

Ya pili ni walimu na vifaa. Chuo kikongwe kina maktaba kubwa, maabara, na maprofesa walioandika vitabu ambavyo wengine wanavisoma. Wangari Maathai alipata shahada yake ya udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971 na akafundisha hapohapo. Kijana anayepita mikononi mwa watu wa namna hiyo hubaki na kitu maishani.

Ya tatu ni kuchanganyika na watu. Mtoto wa Majengo atalala chumba kimoja na Mturkana, Mkisii na Mmeru. Mimi na mwenyeji wangu tusingejuana kama baba yake angekataa mtoto asivuke Mtito Andei. Miaka ikipita, watu hao ndio hukupigia simu kukuambia kuna kazi mahali fulani.

Kwa wazazi wetu wanaohofia dini, kampasi kuu ya Nairobi iko mwendo wa miguu kutoka Masjid Jamia, na vyuo vikubwa vina jumuiya za wanafunzi Waislamu. Mtoto akitaka kuswali atapata pa kuswali. Kama atataka, hilo ni malezi ya nyumbani, na chuo hakiwezi kutulelea.

Hasara zake

Hasara kubwa kuliko zote ni kwamba mtoto anaweza kupotea bila mtu kujua. Sisemi kupotea barabarani. Darasa la mwaka wa kwanza laweza kuwa na mamia ya watu, na mhadhiri hawezi kujua nani hakuja.

Mtoto wa dada yangu alipita huko. Chuo chenyewe sitakitaja. Mwaka wa pili alama zake za masomo mawili hazikuonekana kwenye mtandao wa chuo. Alikwenda ofisini mara moja, akaambiwa arudi wiki ijayo. Hakurudi. Aliona haya kubisha, na nyumbani hakusema. Tulikuja kujua mwaka wa nne, dada yangu akiwa ameshashona nguo ya mahafali, kwamba jina la kijana halimo kwenye orodha. Alirudia mwaka mzima. Mamake aliuza kipande cha shamba la minazi kulipia mwaka ule. Alama zenyewe zilipatikana baadaye kwenye karatasi za mhadhiri, lakini shamba limekwenda.

Chuo kilikosa, ni kweli. Lakini kijana yule angekuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, "Matokeo yako yakoje? Nionyeshe," jambo lingemalizwa kwa barua moja.

Hasara ya pili ni migomo. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma tangu tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba 2025, siku 49, wakidai malipo ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Mgomo wa namna hii huvigusa vyuo vya umma vikubwa na vidogo. Tofauti ni kwamba wa karibu hurudi nyumbani akala kwa mamake, na wa mbali hubaki akilipia chumba ambacho hakina kazi.

Hasara ya tatu ni makazi. Mabweni ya chuo ni nafuu lakini hayatoshi, na wengi hupanga nje. Kodi ya nyumba, chakula na nauli za Nairobi zinaweza kuilemea familia kuliko karo. Nauli ya treni ya SGR kutoka Mombasa, daraja la chini, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Hesabu kwenda na kurudi, kila likizo, kwa miaka minne.

Suala la pesa

Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 huwagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na hali ya nyumbani. Kwa makundi matano yaliyotumika, aliye kundi la kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Aliye kundi la tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia hulipa asilimia 40. Tuseme kozi inagharimu shilingi 300,000 kwa mwaka. Familia moja italipa 15,000 na nyingine 120,000. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba mwezi Desemba 2024, na kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo usiende kwa habari za jirani, soma barua ya mtoto wako mwenyewe. Ukiona kundi alilowekwa si lake, kata rufaa mapema kwa karatasi zinazoonyesha hali yenu.

Kwetu Waislamu kuna jambo zaidi. Mkopo wa HELB hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na riba inajulikana hukumu yake. Nimeona wazazi wakilikwepa jambo hili mpaka mtoto ameshasaini. Kaeni na sheikh mnayemwamini kabla ya kuomba. Wakati huohuo tafuteni basari ya kaunti na ya NG-CDF, ulizeni msikiti kama upo mfuko wa zaka kwa wanafunzi, na changeni kama ukoo. Kule Kianjokoma walichanga na hawakuona haya. Sisi kwa harusi tunachanga haraka, kwa karo tunakohoa.

Tena tazama pesa yako huja lini. Mwenyeji wangu hutegemea bonasi ya chai, ambayo hulipwa mara moja kwa mwaka, yapata mwezi wa Oktoba, na chuo hakingoji Oktoba. Kwetu mvuvi hukosa wakati wa kusi bahari inapochafuka. Anayelipwa kwa msimu aweke mpango wa malipo na chuo mapema.

Maswali matano kabla ya kukata shauri

1. Je, kozi hii ipo chuo cha karibu, na inatambuliwa na bodi ya taaluma yake? Uhandisi na sheria, kwa mfano, lazima ziidhinishwe na vyombo vyake.

2. Pesa za mwaka wa pili zinatoka wapi? Harambee hujaza mwaka wa kwanza tu.

3. Atalala wapi, na nauli ni ngapi?

4. Nani huko atamwona kwa macho angalau mara moja kwa mwezi?

5. Mtoto mwenyewe anasemaje?

Mkiamua abadilishe chuo, uhamisho hupitia KUCCPS na dirisha lake hufunguliwa kwa muda mfupi. Msilale.

Wazee wetu wanakumbuka kisa cha Profesa Ali Mazrui. Alipomaliza shule Mombasa alama zake hazikumfikisha Makerere, akafanya kazi MIOME. Hotuba aliyoitoa siku ya Maulidi ilisikiwa na gavana, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Baadaye alirudi Makerere akiwa profesa, na uzeeni akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Akili alikuwa nayo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimwona.

Tulivyomaliza Kianjokoma

Swali la tano ndilo lililomaliza ubishi siku ile. Nilipouliza binti anasemaje, wazee walitazamana, kwani hakuna aliyemuuliza. Akasema kwa sauti ndogo: "Hapa kila mtu ananijua kama mtoto wa baba. Nataka nijulikane kwa jina langu." Watu wakacheka, babake akainamisha kichwa, bahasha zikafunguliwa.

Mimi kwa mizani yangu ningemwambia abaki Embu, kwa kuwa kozi ni ileile na pesa ni za msimu. Nilisema hivyo, na bado naona nilikuwa na hoja. Lakini sababu yake nayo ina uzito, na atakayesoma ni yeye. Nikaomba sharti moja: shangazi yake anayeishi Kikuyu amwone kila mwezi, na kila muhula atazame matokeo kwa macho yake, somo kwa somo.

Alikwenda Kabete. Mgomo ulipoanza alirudi nyumbani akachuma chai mpaka Novemba. Sasa yuko darasani. Juzi babake alinitumia picha ya matokeo ya muhula wa kwanza. Masomo yote yana alama isipokuwa moja, palipoachwa wazi. Chini yake shangazi ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hili nimeshalifuatilia. Tunarudi Jumatatu."