Majirani Wetu wa Masasi na Newala

Katika nchi ya Masasi na Newala, Injili ilitangulia kuhubiriwa na ndugu zetu Waanglikana wa misioni ya UMCA, nao wanastahili kukumbukwa katika kitabu hiki. Mwanzilishi wa kazi hiyo, Askofu Edward Steere, hapo awali alikuwa kasisi wa parokia ndogo ya mashambani huko Little Steeping, Uingereza. Mwezi wa Oktoba 1876 aliondoka Unguja pamoja na watumwa waliokombolewa, zaidi ya 50, akikusudia kuwarudisha pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya milima yake ya mawe, watu hao waliiona nchi kuwa njema, wakaomba wakae hapo. Steere akakubali. Basi mahali pa kanisa hilo palichaguliwa na watu waliopata kuuzwa sokoni.

Mwaka 1882 ulikuwa wa majonzi. Agosti Steere alifariki Unguja. Septemba Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Waliokwisha kukombolewa wakatekwa tena. Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Masasi ilifufuliwa baadaye, lakini mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, kanisa lilichomwa moto.

Majengo yaliteketea, watu wakabaki. Tangu 1886 Cecil Majaliwa, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa, aliwahudumia Wayao wa Chitangali. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misioni hiyo.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa jando. Je, kijana Mkristo asiende, naye ahesabiwe mtoto maisha yake yote mbele ya wenzake? Au aende, akashiriki matambiko ambayo Kanisa halikuyakubali? Kuanzia 1913 lilifanywa jando la Kikristo: tohara na mafunzo vikabaki, sala na msalaba vikachukua nafasi ya matambiko. Sifa hupewa Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Ni haki, ila si haki yote. Mapadre wenyeji kama Kolumba Msigala ndio waliojua lipi liachwe na lipi lisiguswe, kwa maana wao walilelewa ndani ya mila hizo. Kwa Walutheri jambo hili si geni. Huko Moshi, miaka hiyohiyo, Bruno Gutmann alitafuta jinsi ukoo na rika la Wachaga vitakavyoingia kanisani bila kuvunjwa. Wengine walimwona amekwenda mbali mno, na Lucas naye hakukosa wapinzani.

Trevor Huddleston, aliyejulikana kwa kupinga ubaguzi Afrika Kusini, alikuwa askofu wa Masasi tangu 1960. Alipoondoka mwaka 1968, kiti chake kilikaliwa na Mtanzania, Hilary Chisonga.