Usomaji wa Qurani na Biblia Afrika Mashariki

Usomaji wa Qurani na Biblia Afrika Mashariki umefuata njia mbili zilizokua jirani na kuathiriana kuliko wengi wanavyodhani. Mwislamu huanza na sauti ya Kiarabu, maana huja baadaye. Mkristo huanza na maana kwa Kiswahili; Kiebrania na Kigiriki huachiwa zaidi wanafunzi wa vyuo vya theolojia.

Chuoni, kama madrasa inavyoitwa pwani, mtoto hufundishwa herufi na irabu, kisha huingia Juzuu Amma yenye sura fupi za mwisho wa msahafu. Husoma kwa sauti huku akifuata mstari kwa kijiti. Akitamka qaf kama kaf, mwalimu humkatiza papo hapo na kumrudisha mwanzo wa aya, kwani herufi moja hugeuza maana. Mahali pa kuvuta na pa kusimama hujulikana kwa sikio na ulimi kabla ya kitabu cha tajwidi, yaani kanuni za kisomo, kufunguliwa. Akimaliza juzuu zote 30 amehitimu. Wapo wanaohitimu bila kuelewa walichokisoma, na watu wa nje huwalaumu. Lawama hiyo husahau kwamba kisomo chenyewe ni ibada, na bila hicho mtu hawezi kuswali.

Maana hutafutwa darsani, yaani katika somo la sheikh. Msikitini, hasa jioni za Ramadhani baada ya alasiri, sheikh husoma aya, huipitia neno kwa neno kwa Kiswahili, kisha hueleza sababu ya kushuka kwake. Tafsiri ya Jalalain, ya Kiarabu, imetegemewa sana pwani kwa kazi hii. Anayefasiri hutarajiwa awe amesoma nahau, sarfu na fiqhi kwa masheikh wanaojulikana. Wasikilizaji huuliza, yeye hujibu.

Kwa Wakristo, Biblia ya Union Version ya 1952 ndiyo iliyozoeleka zaidi masikioni mwa Waprotestanti, na mistari inayokaririwa hutoka humo. Walutheri hupitia Katekisimu Ndogo ya Luther kabla ya kipaimara. Wasabato hujisomea lesoni kila siku, kisha huijadili Jumamosi katika shule ya Sabato.

Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, miaka ya 1970. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao kusoma Injili ya Jumapili inayokuja, mara nyingi kwa hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Baada ya kusoma, kila mmoja huchagua neno lililomgusa na kulitaja kwa sauti. Hufuata ukimya, kisha kushirikishana, na mwishoni hukubaliana kazi ya kufanya, kama kumtembelea mgonjwa wa mtaani. Mama muuza mboga ana haki ya kusema aya imemwambia nini, sawa na katekista. Hapa ndipo jumuiya inapotofautiana zaidi na darsa, kuliko hata katika lugha.

Historia ya tafsiri imezifunga njia hizi pamoja. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji huo. Qurani nzima ya kwanza kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na kasisi Mwanglikana, Godfrey Dale, ikiwa na maelezo ya mtazamo wa Kikristo. Waahmadiya walitoa yao mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar hakuridhika na hizo, na mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu kamili, Kiarabu na Kiswahili pamoja na maelezo yake.

Miaka ya 1980, kwenye mihadhara ya hadhara nchini Tanzania, wahadhiri wa Kiislamu walitaja Biblia kwa sura na mstari, na wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa Qurani ya Kiswahili. Ulikuwa usomaji wa kusaka hoja. Wengi walikifungua kitabu cha mwenzao bila kuwahi kuketi darsani wala jumuiyani mwake.