Mwenye Kuuliza na Mwenye Kujibu: Mathias Mnyampala na Ngonjera Zetu

Kila mwaka, inapofika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, watoto wa Shule ya Jumapili katika sharika zetu za Karagwe na Kyerwa husimama mbele ya madhabahu kutoa ngonjera. Mmoja huuliza, mwenzake hujibu, na mwisho wote hupaza sauti pamoja. Akina mama hupiga vigelegele. Sisi tuliosoma shule za msingi huku miaka ya 1980 na 1990 tulifanya vivyo hivyo mbele ya wageni rasmi, bila kujua kwamba aliyeueneza utungo huu nchini alikuwa Mkristo mwenzetu, Mathias Mnyampala.

Mnyampala alizaliwa Ugogo, katika Mkoa wa Dodoma wa leo, mwaka 1917. Utotoni alichunga mifugo. Baadaye alisoma katika shule ya misioni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha karani wa serikali, liwali na hakimu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Tenzi nazo zilikuwa zimekuzwa pwani kwa karne nyingi na washairi Waislamu. Mtu huyu wa bara alijifunza vina na mizani vyao, kisha akavitumia kutangaza Habari Njema. Mwaka 1963 ulitoka Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi. Sisi Walutheri njia hiyo si ngeni kwetu. Martin Luther naye alitia mafundisho ya imani katika nyimbo, kwa kuwa asiyeweza kusoma kitabu aweza kushika ubeti.

Mnyampala hakuishia kwenye mambo ya kanisa. Alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifikishe kwa wananchi. Mnyampala aliitika kwa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayoigizwa mbele ya watu. Mmoja hajui, au ana mashaka, mwingine humfafanulia, mwisho hukubaliana. Shule zilizipokea, maana hazikudai vifaa wala gharama, ila watoto wenye sauti na mwalimu mwenye subira. Yeye mwenyewe alifariki Juni 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971.

Je, Mkristo huyu alikosea kuitumikia siasa kwa kalamu iliyotunga utenzi wa Injili? Hatudhani hivyo. Unyonyaji ulikemewa na Amosi na Mika kabla chama chochote cha siasa hakijazaliwa, nao pia walisema kwa mashairi. Shida tunaiona mahali pengine. Katika ngonjera zile, mwenye mashaka huishia kukubali. Swali lake ni ngazi tu ya kupandia jibu lililokwisha kuandaliwa. Mwaka 1973, Mnyampala akiwa amekwisha kufa, kuhamia katika vijiji vya ujamaa kulifanywa amri. Wako waliohamishwa kwa nguvu, na wengine waliacha nyumba na mashamba yao. Wakati huo taifa lilimhitaji sana yule muulizaji, lakini alikuwa amezoezwa kuitikia.

Tusiwanyoshee wanasiasa kidole kabla ya kujitazama. Katika usharika mmoja tuliohudumu, walimu wa Shule ya Jumapili walitunga ngonjera juu ya butura. Mtoto mmoja alipangiwa kuuliza kwa nini baba ameuza kahawa ingali maua, na sasa mavuno yamefika lakini nyumbani hakuna ada wala daftari. Siku mbili kabla ya sikukuu, mzee mmoja alitukumbusha kwamba baadhi ya wanunuzi wa butura hukaa viti vya mbele na hutoa sadaka nene. Tuliziondoa beti zile. Mtoto alipewa swali jingine, la faida ya kutii wazazi. Aliliuliza vizuri, akapigiwa makofi. Sisi tuliokuwa tumevaa kanzu tulitazama chini.

Tangu siku hiyo tumekisoma kitabu cha Ayubu kwa macho mengine. Nacho ni majibizano ya kishairi. Ayubu anauliza, rafiki zake wanajibu, na majibu yao yanasikika kuwa ya wacha Mungu kabisa. Lakini katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wale waliokuwa na majibu, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni mtumishi wake Ayubu, yule aliyelia na kuuliza. Habakuki naye alimuuliza Mungu waziwazi kuhusu udhalimu, kisha akasimama zamu kungoja jibu. Maandiko hayakumfuta muulizaji. Yalimtunza ili nasi tumsikie.

Kwa hiyo tunamshukuru Mungu kwa Mathias Mnyampala. Alitupa umbo ambalo ndani yake hata mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa kusimama mbele ya wakubwa na kuuliza. Zawadi hiyo ni kubwa kuliko majibu yote ya wakati wake. Wapendwa, tutakapoandaa tena ngonjera, iwe Nkwenda au Kayanga, Murongo au Lukajange, tusianze kwa kufikiria nani atakwazika. Tumwachie mtoto swali lake. Kama hatuna jibu, tukae kimya naye mbele za Mungu. Na kama jibu tunalo ila linatugharimu sadaka ya viti vya mbele, tulitoe.