Fremu, Keria na Abiria wa Makorora

Makorora, kama sehemu kubwa ya Jiji la Tanga, imekaa juu ya ardhi tambarare, na hapo watu wawili walizoea kusafiri kwa baiskeli ya mtu mmoja, kwanza Raleigh ya Nottingham, kisha Phoenix ya Shanghai, iliyofungwa keria, yaani kibebeo cha chuma juu ya gurudumu la nyuma. Fremu hizo za chuma, zenye magurudumu ya inchi 28, zilikuwa na shingo ya usukani iliyolala takriban digrii 67 na ekseli zilizoachana sana, hivyo foki ilinepa kidogo na kupunguza mitikisiko kabla haijafika mikononi mwa mwendeshaji. Abiria hakuipata nafuu hiyo, kwani alikaa karibu juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, ambapo mtikisiko wa kila shimo ulimpanda hadi kiunoni. Mto wa sponji juu ya keria, basi, haukuwa pambo. Baiskeli halisi ya waendeshaji wawili ina ugonjwa mwingine: fremu iliyorefushwa hujipinda wote wanapokanyaga, ndiyo maana watengenezaji wengi huongeza paipu ya mshazari, inayoshuka kutoka shingoni kuelekea nyuma.