Ukarimu Una Mikono Miwili

Kila mwaka, tarehe 11 Novemba, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino, askofu wa Tours, aliyezikwa siku hiyo mwaka 397. Habari yake twaijua sote. Alikuwa bado askari na katekumeni alipomkuta maskini uchi kwenye mlango wa mji wa Amiens, wakati wa baridi kali. Akakata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Usiku akamwona Kristu amevaa nusu ile ile. Tunaihubiri habari hiyo ili kuwahimiza Wakristu watoe, na ni vema. Lakini kwetu Kindu tarehe hiyo ina ukumbusho mwingine, nao unatufundisha upande wa ukarimu tusiouhubiri sana.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za jeshi la Italia zilitua Kindu. Zilileta shehena kwa kikosi cha Umoja wa Mataifa, yaani askari waliotoka nchi inayoitwa leo Malaysia. Katika ndege hizo walikuwamo watu 13, wa kikosi chenye makao yake Pisa. Tukumbuke nyakati zile. Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961. Mamluki weupe walipigana upande wa Katanga, na askari wa Kongo walijaa mjini. Basi uvumi ukaenea kwamba wageni hao ni maadui. Askari wakawakamata walipokuwa mezani wakila, wakawapiga, wakawachukua, wakawaua. Miili yao ilikutwa baadaye Tokolote, karibu na mto Lualaba, ikarudishwa Pisa tarehe 11 Machi 1962.

Hatuandiki haya ili kuuhukumu mji. Waliotenda ni askari, wala hofu ya siku zile haikukosa sababu. Lakini shurti tujiulize: watu waliokuja kuhudumia walikamatwaje mezani, wakauawa? Ni kwa sababu uvumi ulitangulia, na swali likachelewa. Hawakuulizwa kwa utulivu: ninyi ni nani, mmeleta nini?

Jambo hilo si geni katika Kanisa. Mtume Paulo alikusanya matoleo ya Wakristu wa Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu. Alipowaandikia Waroma, mwishoni mwa sura ya 15, aliwaomba wamsaidie kwa sala, ili huduma yake ipokelewe vema na watakatifu. Angalieni: kutoa kulikuwa kumekwisha, lakini Paulo aliogopa bado, kwa kuwa sadaka haijatimia mpaka ipokelewe. Tena alipofika Yeruzalemu na sadaka ile, watu walimkamata hekaluni. Walidhani amemwingiza humo Trofimo wa Efezo. Walidhani tu! Dhana moja nusura imwue mleta sadaka.

Lugha yetu inalijua fumbo hili. Tukisema mtu ni mkarimu, tunataka kusema anatoa mali yake. Tena tunataka kusema anapokea wageni vizuri. Neno ni moja, kwa kuwa fadhila ni moja. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayefunga mlango hamnyimi mgeni tu, anajinyima dawa yake mwenyewe.

Basi, ndugu waseminari, mapadri na wakatekista, tusifundishe mkono mmoja tu. Mjane akileta yai moja mbele ya altare, tulipokee kwa heshima ile ile tunayompa tajiri. Mama wa kijijini akitutilia sahani ya ugali, tusiseme tumeshiba kwa sababu ya kiburi. Mtu wa kabila lingine au wa nchi nyingine akija kusaidia parokiani, tumwulize jina lake kabla ya kusikiliza yanayosemwa juu yake. Na uvumi ukianza kuzunguka sokoni, mkatekista awe wa kwanza kuuliza: nani ameona kwa macho yake? Swali hilo nalo ni sadaka. Halidai hata faranga moja, lakini laweza kuokoa roho 13.

Maskini wa Amiens alinyosha mkono, akapokea, na Martino akamjua Bwana wake. Tarehe 11 Novemba ijayo tuombee wote wawili: wanaotoa na wanaopokea.