Watoto Waliofutwa Kwenye Kodi

Mwezi Juni, saiba za Malili hujaa watu wanaokimbizana na tarehe 30 ya kujaza ritani. Chungulia skrini: nafuu ya kodi ni shilingi 28,800 kwa mwaka. Baba wa watoto wanne anapewa hiyo, na kijana asiye na hata mmoja anapewa hiyo hiyo. Wazazi waliotengana, mmoja hapa kando ya barabara ya Mombasa na mwenzake Kitui mjini, hawana cha kugombania.

Haikuwa hivyo zamani. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1901, serikali ilihesabu mapaa. Ukambani kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa, na kijana asiye na kibanda naye akanaswa. Familia kubwa ilikuwa hasara tupu mbele ya karani.

Kodi ya mapato, iliyoletwa mwaka 1937, ikageuza hesabu: wategemezi wakawa sababu ya kupunguziwa. Sheria iliyoanza Januari 1974 ilikuwa na nafuu ya familia, nafuu ya mtu asiye na ndoa, na nyingine maalum kwa anayelea mtoto peke yake. Mapato ya mke “anayeishi na mumewe” yalihesabiwa kuwa ya mume. Sijui aliyeandika maneno hayo alikuwa akifikiria nyumba ya nani. Huku, mume hufanya kazi Mombasa miezi kumi na mmoja, mke akabaki na mbaazi na mbuzi, na hawajaachana. Na iweto, mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake ili nyumba ipate watoto, angejiandika wapi?

Katika miaka ya 1990 nafuu hizo zikaunganishwa kuwa moja ya kila mtu. Kazi ya mtoza kodi ikawa nyepesi, mtoto akatoweka.

Ugomvi wa matunzo ukabaki mahakamani, ambako nako haukuwa na njia nyoofu. Sheria ya 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matunzo ilifutwa na Bunge mwaka 1969. Ni Katiba ya 2010 iliyosema wazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la.

Kwenye kodi, mtoto amebakiwa na kichochoro cha bima, kama ile ya elimu ya miaka kumi au zaidi. Anayeilipia hurudishiwa asilimia 15 ya malipo yake, isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Mtoto analala kwa nani, fomu haiulizi.