Linux, Alpha na ufunguo wa mwenye nyumba

Flemingdon Park ni mtaa wa majengo ya ghorofa katika jiji la Toronto, nchini Kanada. Ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyopokea familia kutoka Afrika Mashariki. Karibu na hapo, huko Don Mills, kampuni ya IBM ilikuwa imefungua kiwanda tangu mwaka 1951.

Maana ya kuhama inafahamika vyema mtaani humo. Wataalamu wa kompyuta nao wana uhamaji wao: kuutoa mfumo endeshi katika prosesa uliyoandikiwa na kuupeleka katika prosesa ya aina nyingine. Na kama ilivyo kwa mpangaji mgeni, mfumo huo humkuta mwenyeji aliyeutangulia. Mwenyeji huyo huitwa famwea.

Tabaka la katikati

Neno hilo lilitumiwa na mtaalamu wa Kimarekani Ascher Opler mwaka 1967, kutaja programu zilizo kati ya vyuma vya kompyuta na programu za kawaida. Manufaa yake yalikuwa yamekwisha kuonekana. Mwaka 1964 IBM ilitangaza kompyuta za System/360, zenye ukubwa na bei mbalimbali. Nyingi kati yake zilikuwa na maikrokodi iliyotafsiri amri zilezile kwa vyuma vilivyotofautiana. Hivyo mteja aliweza kununua mashine kubwa zaidi bila kuziandika upya programu zake.

Kutoka Helsinki hadi Alpha

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alitoa Linux. Aliiandika kwa ajili ya prosesa ya Intel 386, na yeye mwenyewe alieleza wakati huo kwamba haikukusudiwa kuhamishwa. Mwezi Mei 1994 alikutana huko New Orleans na Jon Hall wa kampuni ya Digital, ambaye baadaye alimfanyia mpango wa kuazimwa kompyuta yenye prosesa ya Alpha.

Alpha, iliyotangazwa mwaka 1992, ilikuwa ya biti 64, ilhali 386 ilikuwa ya biti 32. Lakini ugeni mwingine ulikuwa chini zaidi, katika famwea iliyoitwa PALcode. Huu ulikuwa mkusanyiko wa taratibu fupi zilizopokea miito ya vifaa, zilizobadilisha kazi moja kwa nyingine, na zilizosaidia kupata mahali halisi katika kumbukumbu palipokusudiwa na programu. Digital ilikuwa na PALcode tofauti kwa mfumo wa VMS, kwa Unix yake iliyoitwa OSF/1, na kwa Windows NT.

Linux ilitumia kanuni za PALcode ya OSF/1. Uamuzi huo uliepusha kazi kubwa, kwa kuwa mambo mengi ya ndani ya prosesa yalikuwa yamekwisha kushughulikiwa. Toleo la Linux 1.2, lililotoka Machi 1995, lilikuwa na sehemu ya Alpha. Kazi hiyo ililazimisha kiini cha Linux kutenganisha yale yanayofaa kila mashine na yale ya prosesa moja tu, na juu ya utengano huo zilijengwa hamahama nyingine, ikiwamo ile ya kompyuta kubwa za IBM mwaka 1999.

Hata hivyo, baadhi ya mashine za Alpha ziliuzwa zikiwa na famwea iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows NT. Ili Linux iingie humo, iliandikwa programu ndogo ya kuwashia iitwayo MILO, iliyobeba PALcode yake yenyewe. Kila aina ya ubao mkuu wa kompyuta ilihitaji MILO iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Nani anashika ufunguo?

Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na Compaq ikaungana na HP mwaka 2002. Mauzo ya kompyuta za Alpha yalikoma mwaka 2007. Waliobaki nazo waliweza kuisoma Linux yote na kuirekebisha, lakini famwea ya kampuni ilibaki mali ya kampuni.

Tofauti hiyo inawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote. Uhuru huo mara chache hushuka hadi kwenye famwea. IBM ilifungua famwea ya prosesa zake za POWER8 mwaka 2014, lakini watengenezaji wengi hawajafanya hivyo.

Januari 2018, kasoro ya usalama iitwayo Spectre ilipotangazwa, sehemu ya tiba yake kwa prosesa za Intel ilikuwa maikrokodi mpya. Linux iliweza kuipakia kila kompyuta inapowashwa. Kuiandika ilikuwa kazi ya Intel peke yake. Mpangaji aweza kupamba chumba chake apendavyo, lakini bomba likipasuka chini ya sakafu, humngoja mwenye nyumba.